Jamaa ya Kiungani

Wale walioandika habari za Chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, kusini kidogo ya mji wa Unguja, aghalabu huanza na maaskofu. Wala si ajabu, maana maaskofu waliandika sana, wakaandikiwa sana, na nyaraka zao zikahifadhiwa Uingereza kwa uangalifu ambao wanafunzi wao hawakuupata. Mimi nami sitawapita maaskofu hao kama wasio na sehemu katika jambo hili, kwa kuwa pasipo wao nyumba isingejengwa. Lakini muradi wangu ni wale vijana waliolala ndani ya nyumba hiyo, wakapanga herufi za chapa, wakacheza mpira, wakaandikiana barua baada ya kutawanyika bara, na ambao, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamepokonywa ukoo waliozaliwa nao, walijifanyia ukoo mwingine. Kiungani ilikusudiwa itoe makasisi. Ilitoa makasisi wachache, na jamaa kubwa.

Asili yake inajulikana. David Livingstone alihutubu Cambridge mwezi wa Disemba 1857, akawasihi vijana wa vyuo vikuu wa Kiingereza wasiiache Afrika, na kutokana na hotuba ile ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi zake nne za UMCA. Jaribio la kwanza, katika nchi ya Shire, lilikwisha kwa homa na mauti: Askofu Charles Mackenzie alifariki mwanzo wa 1862, na askofu aliyemfuata, William Tozer, baada ya kuitazama hali ya mambo na kuona kwamba njia ile ni ya makaburi, akafanya tadbiri ambayo wengi kwao waliiita woga, akaiondoa misheni bara na kuihamishia Unguja mwaka 1864, akifuatana na Edward Steere. Hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Sayyid Majid bin Said, kwa hisani yake, akawapa watoto watano wanaume waliokamatwa katika jahazi lililobeba watumwa kinyume cha mapatano, na watoto hao watano, waliotolewa kama zawadi na mfalme Mwislamu kwa askofu Mkristo, ndio msingi wa chuo chote ninachokisimulia. Mmoja wao, John Swedi, alitiwa ushemasi mwaka 1879, wa kwanza katika misheni ile miongoni mwa Waafrika.

Shamba la Kiungani lilinunuliwa miaka michache baada ya kuwasili kwao, nyumba ikajengwa karibu na bahari, na tufani kuu ya Aprili 1872, iliyoangusha mikarafuu ya Unguja kwa maelfu, haikuisaza. Ilijengwa upya. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na kwa kuwa manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini kwa miaka mingi baada ya mkataba, watoto waliendelea kuletwa: wengine Kilimani, walipolelewa wadogo, wengine Mbweni, palipokuwa na wasichana na kijiji cha watu walioachwa huru, na wavulana waliokua kiasi wakaja Kiungani.

Walikuwa watu gani? Tunayo bahati ya kuwasikia wenyewe. Arthur Madan, mwalimu aliyekuwa na sikio jema la Kiswahili, aliwataka waandike habari za maisha yao, kisha akazikusanya na kuzifasiri, na mwaka 1887 zikachapishwa London katika kitabu kilichobeba jina la Kiungani. Humo yumo Myao, yumo Mmakua, yumo Mnyasa, na wengine wa mataifa ya mbali zaidi. Kila mmoja ana hikaya yake ya vita, au njaa, au deni la mtu mwingine lililolipwa kwa mwili wake, na safari ndefu ya miguu mpaka pwani. Ajabu ya habari hizo ni utulivu wake. Mwandishi hasemi sana kwamba alilia. Husema alipitishwa wapi, aliuzwa kwa nani, nguo ngapi zilitolewa. Nadhani utulivu ule haukuanzia kwenye karatasi ya Madan. Vijana hao walikuwa wamekwisha kusimuliana usiku, mkeka kwa mkeka, kabla ya mwalimu yeyote kuwaomba, na hadithi iliyokwisha kusimuliwa mara nyingi hupungua machozi na kuzidi mpangilio. Kama ni hivyo, chama cha kwanza cha wanafunzi wa Kiungani hakikuwa na jina wala mwenyekiti. Kilikuwa baraza la watu waliopatwa na msiba mmoja kwa njia mbalimbali.

Maisha ya mchana yalitawaliwa na kengele. Kengele iliwaamsha, ikawaita kanisani kwa sala, ikawapeleka darasani, shambani, kiwandani, mezani, na kanisani tena, kwa maana misheni hii ilikuwa ya Waanglikana wanaopenda ibada za utaratibu wa kale, wenye kuthamini mavazi, nyimbo na saa za sala, wakaamini kwamba mwili ukizoea kupiga magoti kwa wakati wake, moyo utafuata. Lakini katika chakula na mavazi maaskofu walishika shauri jingine. Steere, na baada yake Charles Smythies aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1883, hawakutaka kumfanya Mwafrika kuwa Mwingereza wa mfano. Vijana walivaa kanzu, walikula wali kwa desturi ya pwani, na lugha ya chuo ikawa Kiswahili, ambacho Steere alikuwa amekisoma kwa bidii isiyo kifani mpaka akatoa kitabu chake cha sarufi na kile cha hadithi za Waswahili, vyote viwili karibu mwaka 1870. Nalihesabu shauri hili kuwa la busara, ingawa halikuwa bila hila: ni rahisi kumwambia mtu abaki na desturi zake wakati desturi unazomwachia umezichagua wewe. Myao aliyekuja Kiungani hakubaki Myao kwa ajili ya kanzu. Alipewa upwani badala ya Uingereza, na upwani ule nao ulikuwa mgeni kwake.

Tena ulikuwa upwani uliozungushiwa ua. Mji wa Unguja ulikuwa mji wa Uislamu, wa madrasa na misikiti, na mji uliopima watu kwa nasaba. Kijana wa misheni alipopita sokoni hakuonekana kuwa mwanafunzi wala Mkristo kwanza, bali mtumwa wa jana asiye na bwana, jambo ambalo kwa fikira za wakati ule lilikuwa hali duni kuliko kuwa na bwana. Utumwa wenyewe haukuondolewa hadhi yake ya kisheria katika Unguja mpaka mwaka 1897. Walimu waliuogopa mji kwa sababu ya anasa zake na dini yake. Vijana waliutamani kwa sababu ya uungwana wake. Wakaingia mjini kadiri walivyoruhusiwa na pengine zaidi, wakachukua lugha yake na adabu zake za salamu, wakazirudisha chuoni, na hivyo Kiungani ikawa mahali ambapo mtu angeweza kuupata uungwana wa pwani bila ya kuomba ruhusa kwa wenye nasaba.

Jambo lililowafungamanisha kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa mtambo wa chapa. Steere mwenyewe alipenda kazi hiyo, akiijua kwa mikono yake, na tangu mwanzo aliwafundisha vijana kupanga herufi, kusoma kasoro za karatasi ya kwanza, kukunja na kushona. Tafakari maana yake kwa kijana ambaye miaka michache nyuma alihesabiwa kwa nguo: sasa yeye ndiye wa kwanza kuyaona maneno kabla ya msomaji yeyote, na sala itakayosomwa katika vituo vya misheni huko bara, Magila, Masasi au ukingoni mwa ziwa la Nyasa, imepita katika vidole vyake. Vitabu vya masomo, tafsiri za Maandiko na nyimbo vilitoka kwa mikono hiyo; na baadhi ya waliojifunza chapa waliishika kazi hiyo maisha yao yote, pasipo kutamani altare.

Kutoka katika mtambo ule lilitoka, mwaka 1888, jarida lililoitwa Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa majarida ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Mtu aliyezoea magazeti ya siku hizi akilifungua atadhani ni jambo dogo: habari za mtaa huu na mtaa ule, fulani amehamishwa, fulani amefiwa, shule ya mahali fulani ina watoto wengi, mvua zimechelewa, kasisi amepita na msafara, mchezo umechezwa. Udogo huo ndio thamani yake. Wakati lilipoanza, vijana waliotoka Kiungani walikuwa wamekwisha kutapakaa kama walimu katika nchi ya Bonde, katika bonde la Ruvuma na huko ziwani, wengine wakiwa peke yao kijijini mwa mfalme asiyewapenda, hawana wa kusema naye mambo ya kitabu. Barua zao zilikwenda Unguja kwa miguu na kwa jahazi, zikapangwa herufi na wadogo zao wa chuoni, zikarudi bara zikiwa zimechapwa, na mwalimu wa Newala akasoma habari za mwalimu wa Magila ambaye pengine hakuwahi kumwona. Mwalimu aliyezaliwa Uyao na mwalimu aliyezaliwa Umakua, ambao mababa zao wasingesalimiana bila silaha, wakawa wanaulizana hali katika safu moja ya karatasi.

Sisemi kwamba jarida lilikuwa huru. Walimu wa Kizungu walilisimamia, na mambo mengi ambayo vijana walisemezana hayakufika kwenye herufi. Hakuna mwalimu aliyeandika humo kwamba mshahara ni mdogo, ingawa kwa nyaraka nyingine tunajua kwamba ulikuwa mdogo, na kwamba serikali na makampuni yalipokuja na mishahara yao wengi walikwenda. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mtu anayesimuliwa na mtu anayesimulia chini ya macho ya mkubwa. Huyu wa pili anajifunza namna ya kuandika kwa umma, na elimu hiyo hairudi nyuma. Magila nako, katika miaka ya 1890, likatokea jarida la Habari za Mwezi, lililoshughulikiwa na Samuel Sehoza, mtu wa Bonde aliyepitia Kiungani. Yeye huyo ndiye baadaye alieleza kitabuni taabu za Wakristo waliofungwa na Wajerumani wakati wa vita kuu, chini ya jina la Mwaka katika Minyororo.

Michezo nitaipitia kwa upesi, si kwa kuidharau. Makasisi wa Oxford na Cambridge waliamini kriketi karibu kama walivyoamini katekisimu, wakaileta pamoja na mpira wa miguu. Kriketi ikabaki chuoni, mpira ukatoka nje. Uwanja wa Kiungani ulikuwa mmoja wa milango ambayo mchezo huo uliingilia Unguja, na vijana waliokwenda bara waliuchukua pamoja na vitabu. Shule nyingi za misheni zilianza na mti, kengele na mpira, na sijui ni kipi kati ya vitatu hivyo kilichowavuta watoto zaidi. Wazee wa Masasi wangeweza kukisia.

Mbweni haina budi kutajwa hapa, maana habari za Kiungani zinazosimuliwa bila Mbweni ni habari za nyumba isiyo na wanawake. Shule ya wasichana huko iliongozwa tangu 1877 na Caroline Thackeray, mwanamke mwenye mali yake mwenyewe na nia thabiti, aliyekaa Unguja mpaka uzeeni. Misheni ilipanga, bila ya kuficha, kwamba walimu wa Kiungani waoe wasichana wa Mbweni, ili kila kituo cha bara kipate nyumba ya Kikristo iliyosoma pande zote mbili. Kwa hiyo bwana na bibi arusi, aghalabu wote wawili wasiojua makaburi ya babu zao, waliondoka Unguja kama mume na mke wakiwa na wakwe wa namna mpya: walimu wakawa wazee wa kuposa, wenzao wa darasa wakawa mashemeji, na watoto waliozaliwa wakapewa majina ya wamisionari. Wanawake hao walifundisha, wakashona, wakazika na kuzalisha. Majina yao hayaonekani sana katika vitabu, na hili ni kosa la waandishi, si la kazi yao.

Lakini kabla karne haijakwisha, chuo kilikuwa kimebadilika. Majahazi ya watumwa yalipungua, na wana wa watu huru wakaanza kuja kwa hiari ya wazazi wao: Wabondei kutoka Magila, Wayao kutoka Masasi na Newala, watu wa ziwani. Mwana wa jumbe akakaa darasani na mtoto aliyetolewa jahazini. Katika kizazi hiki cha pili ndimo alimotoka Yohana Barnaba Abdallah, kasisi wa Kiyao, ambaye alipata kuzuru Yerusalemu, na akaandika kwa Kiyao historia ya watu wake iliyochapishwa mwaka 1919. Ndimo pia alimotoka Kolumba Msigala, aliyeacha kumbukumbu zake mwenyewe. Hawa walikuwa na nchi ya kurudi. Hawakuhitaji jamaa ya Kiungani badala ya ukoo, bali juu ya ukoo, na kwa sababu hiyo waliitumia kwa wepesi zaidi. Yohana Abdallah hakuona shida kuwa kasisi wa kanisa lenye utaratibu wa Kiingereza, msomi wa Kiswahili, na mwanahistoria wa Wayao kwa lugha ya Wayao.

Na wale makasisi waliokusudiwa? Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyeokolewa utumwani, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury kwa elimu zaidi, akatumwa Chitangali katika nchi ya Ruvuma, na mwaka 1890 Askofu Smythies akamweka wakfu kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Waliomfuata walikuja mmoja mmoja. Frank Weston, aliyefika Unguja mwaka 1898, akiwa kijana mwenye akili kali na dhamiri isiyompa usingizi, aliona kwamba mafunzo ya ukasisi hayawezi kuchanganywa na kelele za shule, akaanzisha chuo cha peke yake huko Mazizini. Kisha mwaka 1901 akapewa Kiungani yenyewe, akaiongoza mpaka alipofanywa askofu mwaka 1908. Wanafunzi walimpenda na kumwogopa kwa kiasi sawa. Mtu huyohuyo aliyedai utii wa kitawa kutoka kwa vijana wake ndiye aliyekwenda vitani na wapagazi wa Unguja mwaka 1916, na baada ya vita akaipinga hadharani serikali ya nchi yake kwa sababu ya kazi za kulazimishwa. Na yawezekana kwamba somo hili la pili liliingia katika nyoyo za wanafunzi wake kuliko lile la kwanza.

Vita vilipoingia, jamaa ya Kiungani ilijaribiwa. Wajerumani waliwashuku walimu wa misheni ya Kiingereza kuwa wapelelezi, wakawakamata, wakawatia minyororo, wakawapeleka mbali na makwao. Miongoni mwa waliofungwa Tabora alikuwamo Martin Kayamba, na sina budi kumaliza na yeye, kwa sababu ndani yake mambo yote niliyoyataja yamekutana. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891, mwana wa mwalimu Mbondei, katika majina yake alichukua lile la Bibi Thackeray, akasoma Kiungani, akatafuta kazi Kenya na Uganda, akafungwa, akafunguliwa, na Waingereza walipoitwaa Tanganyika akawa karani na mkalimani Tanga, akapanda hata akasimamia kazi ambayo kabla yake hakupewa Mwafrika.

Mwezi wa Machi 1922 Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Kilikuwa na mahali pa kukutania, magazeti ya kusoma, mafunzo ya jioni na timu ya mpira. Msomaji aliyenifuata mpaka hapa atayatambua mambo hayo mara moja, yametoka wapi na yalizoewa wapi. Tofauti ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Katika chama cha Tanga, Mwislamu aliyesoma shule ya Wajerumani aliketi na Mkristo wa Kiungani wakiwa wanachama sawasawa, wakasemezana kwa Kiswahili kilekile ambacho wote wawili walikipata pwani kwa njia mbalimbali. Na ua ule uliozungushwa na maaskofu ili vijana wao wasichanganyike na mji, wanafunzi wao wakauvuka bila ya kugombana na mtu. Miaka mitatu baadaye chuo chenyewe kiliondoka Unguja, kikahamia Minaki karibu na Kisarawe, kikibeba jina la Mtakatifu Andrea. Na wakati huo makarani na walimu waliotoka Kiungani walikuwa wamekwisha kuenea katika ofisi, mashule na mahakama za Tanganyika, wakishughulika na mambo ambayo Tozer, alipowapokea wale watoto watano, asingeweza kuyawaza.